Mpelelezi Asiyefyatua Risasi: Maswali Yenu Kuhusu Jinguji Saburo

Katika toleo lililopita tuligusia kwa aya moja tu gemu ya zamani ya Kijapani inayomhusu mpelelezi binafsi Jinguji Saburo, ambaye wachezaji wa Marekani wanamfahamu kwa jina la Jake Hunter. Sikutarajia kwamba aya ile ingeamsha watu kiasi hiki. Barua zimefika kutoka Moshi na Arusha, nyingine ndani ya bahasha, nyingine kwa simu, na nimechagua nne ambazo kwa pamoja zinagusa karibu kila jambo lililoulizwa.

SWALI: Ndugu Mhariri, salaam. Mimi ni mwongoza wageni katika Mlima Kilimanjaro na ninaishi Soweto, Moshi. Mwaka jana mgeni niliyempandisha kwa njia ya Machame aliniachia mashine yake ndogo ya Nintendo DS pamoja na kadi moja ya gemu yenye jina Jake Hunter Detective Story: Memories of the Past. Nimecheza jioni mbili na sijapiga risasi hata moja, sijaendesha gari, wala hakuna adui aliyenirukia. Ninasoma, ninachagua mtu wa kuzungumza naye, halafu ninasoma tena. Je, kadi yangu ni mbovu, au mimi ndiye nisiyejua kucheza? Na huyu mtu mwenye sigara ni nani hasa?
Mwongoza wageni, Soweto, Moshi

JIBU: Kadi yako ni nzima, ndugu yangu, na unacheza sawasawa. Gemu uliyo nayo ilitolewa Marekani mwaka 2009, na ndani yake mna visa 6 vya upelelezi. Ni ya aina ambayo kazi yote ya mchezaji ni kusoma, kuuliza, kutazama na kukumbuka. Unakwenda mahali, unazungumza na mtu, unachunguza chumba, kisha unarudi kwa yule uliyezungumza naye mwanzo ukiwa na jambo jipya la kumwuliza, na jambo hilo ndilo linalomfanya aseme alichokuwa amekificha.

Wewe kwa kazi yako unaweza kuielewa gemu hii kuliko wengi wetu. Kila jioni kambini unawauliza wageni kama kichwa kinauma, kama wamekula, kama wamelala. Na unajua vizuri kwamba mgeni anayetamani kufika kilele cha Uhuru atakuficha maumivu yake, kwa hiyo husikilizi jibu peke yake, bali unamtazama anavyoshika kijiko, anavyochelewa kujibu, na namna maneno yake yanavyopishana na ya mwenzake wa hema moja. Ukiharakisha, utampandisha mgonjwa. Jinguji Saburo anafanya kazi hiyo hiyo mjini Tokyo, isipokuwa kwamba wanaomficha mambo huwa wanaficha mauaji.

Yeye ni mpelelezi binafsi mwenye ofisi ndogo Kabukicho, mtaa wa baa na starehe za usiku ndani ya eneo la Shinjuku. Mtaa huo ulipewa jina kutokana na ukumbi wa maigizo ya kabuki uliokusudiwa kujengwa pale baada ya Vita vya Pili vya Dunia; ukumbi haukujengwa, jina likabaki. Msaidizi wake ni Misono Yoko, mwanamke makini ambaye mara nyingi huyaona mambo kabla ya mwajiri wake, na rafiki yake ndani ya polisi ni Inspekta Kumano Sanzo wa kituo cha Yodobashi, mzee ambaye humletea kesi na pia humkemea. Katika kadi yako watu hao wamebadilishwa majina: Jinguji amekuwa Jake Hunter, Yoko amekuwa Yulia, Kumano amekuwa Kingsley, na Tokyo yenyewe imefutwa ikawekwa badala yake mji wa kubuni unaoitwa Aspicio. Nitalirudia jambo hili nikimjibu mwalimu hapo chini, kwa sababu linaniuma.

Kisa chake cha kwanza kilitolewa na kampuni ya Data East mwezi Aprili 1987, kwa ajili ya mashine ya Famicom ya Nintendo, na jina lake ukilitafsiri ni Kisa cha Mauaji katika Bustani Kuu ya Shinjuku. Mwili wa mwanamke unakutwa bustanini, Inspekta Kumano anaomba msaada, na mpelelezi anaanza kuzunguka mjini akiuliza. Bustani hiyo ipo kweli. Ilifunguliwa mwaka 1968 upande wa magharibi wa Shinjuku, jirani na eneo lililokuwa na mitambo ya kusafisha maji ya jiji hadi ilipofungwa mwaka 1965, na ambalo baadaye lilijaa majengo marefu kuliko yote ya Tokyo ya wakati huo. Mtu aliyeicheza gemu hii Tokyo mwaka 1987 angeweza kuizima, akapanda treni, akaenda kukaa kwenye benchi chini ya miti ile ile aliyoiona kwenye kioo. Fikiria kisa cha mauaji kinachoanzia chini ya Mnara wa Saa wa Arusha, halafu mpelelezi anashuka kwa miguu kuelekea Soko Kuu akiuliza wauza magazeti mmoja baada ya mwingine. Wachezaji wa Shinjuku walipata ladha ya namna hiyo.

Umeuliza kwa nini hupigi risasi, na jibu lake liko pia katika historia ya mashine zenyewe. Mwaka 1983 mtunzi kijana aitwaye Horii Yuji, ambaye miaka michache baadaye angepata umaarufu mkubwa zaidi kwa Dragon Quest, alitengeneza gemu ya upelelezi wa mauaji katika mji wa Kobe, iliyoitwa Portopia Renzoku Satsujin Jiken. Ilichezwa kwenye kompyuta, na mchezaji aliandika amri kwa kibodi: tazama hiki, muulize yule. Ilipohamishiwa kwenye Famicom mwaka 1985 tatizo likawa wazi, kwamba Famicom haikuja na kibodi bali ilikuwa na pedi yenye msalaba na vitufe viwili vya kuchezea. Suluhisho likawa kuandika amri zenyewe kwenye kioo ili mchezaji achague kwa kitufe: zungumza, chunguza, nenda, onyesha. Njia hiyo ilimfungulia mlango mtoto wa darasa la nne pamoja na bibi yake ambaye hajawahi kugusa kompyuta, na ndiyo unayoiona wewe leo kwenye DS yako baada ya miaka yote hiyo. Gemu nyingi za upelelezi zilifuata mkondo huo nchini Japani. Nintendo wenyewe walitoa zao, Famicom Tantei Club, mwaka 1988.

Jambo la pili ni diski. Kisa cha kwanza cha Jinguji hakikuwa kwenye kaseti, bali kwenye diski ya sumaku iliyotumika katika kifaa cha ziada cha Famicom kilichoanza kuuzwa Februari 1986. Diski hiyo ilibeba takriban kilobaiti 112 kwa pande zake zote mbili. Picha moja tu unayopiga leo kwa simu ya bei nafuu ni kubwa kuliko hapo mara nyingi. Lakini diski ilikuwa na faida mbili zilizowafaa watunzi wa visa virefu: mchezaji aliweza kuhifadhi alipofika, na diski iliyokwisha kuchezwa iliweza kupelekwa dukani ikaandikwa gemu nyingine kwa yeni 500, badala ya kununua kaseti mpya kwa maelfu ya yeni. Kisa cha upelelezi ukishamjua muuaji kimekwisha, kwa hiyo biashara ya kukifuta na kuweka kingine ilikifaa kuliko gemu ya mpira ambayo mtu huicheza mwaka mzima.

Sasa, kwa nini Jinguji aliwashinda wengi wa wakati wake mioyoni mwa watu? Kwa maoni yangu ni kwa sababu gemu zake ziliandikwa kwa ajili ya watu wazima katika kipindi ambacho kila mtu aliamini kwamba gemu ni mambo ya watoto. Watu wake wana madeni, wana ndoa zilizovunjika, wana wazazi waliowatelekeza na waajiri wanaowanyanyasa. Ukimaliza kisa hupigiwi tarumbeta. Umemjua muuaji, na mara nyingi umemwonea huruma, na bado unamkabidhi kwa polisi. Kilobaiti 112 hazikutosha kwa picha za kupendeza, lakini zilitosha kwa masikitiko ya namna hiyo, nami sijaacha kuwastahi watu waliotumia nafasi ndogo kiasi hicho kwa jambo zito kiasi hicho.

Visa viliendelea: mauaji ya bandari ya Yokohama mwaka 1988, kingine kikubwa kwenye Famicom mwaka 1990, halafu kimya cha miaka, kisha PlayStation na Saturn mwaka 1996 na 1998. Data East ilifilisika mwaka 2003, lakini mpelelezi hakufa nayo. Alichukuliwa na kampuni nyingine, akaishi kwenye simu za mkononi za Kijapani katika visa vifupi vifupi, ambavyo vingi baadaye vilikusanywa na kuwekwa kwenye Nintendo DS. Hata kadi yako ina damu hiyo ya simu ndani yake, na ndiyo maana kila kisa kinaweza kumalizika kwa jioni chache. Mwaka 2018 ilitoka Daedalus, inayomrudisha kwenye ujana wake alipokwenda New York kuchunguza kifo cha babu yake.

SWALI: Mheshimiwa Mhariri, mimi ni mama wa watoto watatu, Njiro, Arusha. Mwanangu wa miaka 14 ameazimwa na binamu yake gemu hiyo mliyoitaja. Nilikaa pembeni yake nikaona kwamba mchezaji anaamriwa kuvuta sigara, na amri hiyo imeandikwa wazi kabisa kati ya amri nyingine. Mpelelezi pia anakunywa pombe. Kwa nini mnausifu mchezo unaofundisha watoto kuvuta?
Mzazi, Njiro

JIBU: Shikamoo, mama. Umekaa pembeni ya mwanao ukatazama anachokicheza, na kwa hilo peke yake ningekupongeza hata kama tusingekubaliana kwa lolote lingine.

Uliyoyaona ni kweli. Tangu zamani za Famicom, amri ya kuvuta sigara imekuwa alama ya mfululizo huu kuliko alama nyingine yoyote. Lakini tazama inavyofanya kazi. Sigara haimwongezei mpelelezi nguvu, haimpi pointi, wala haimfanyi apendwe na wanawake. Mchezaji huitumia anapokwama. Jinguji anawasha, mambo yanasimama, anaanza kuyapanga upya kichwani: huyu alisema aliondoka saa tatu, yule akasema mlango ulikuwa wazi, basi bado hatujamwuliza mlinzi. Kwa maneno mengine, ni kitufe cha kutafakari. Watunzi walihitaji njia ya kumsaidia mchezaji aliyekwama bila kumvunjia heshima kwa kumpa jibu, wakaificha njia hiyo ndani ya tabia ya mtu wao. Kama kazi ya utunzi, ni ubunifu mzuri sana, na gemu nyingi zilizokuja baadaye zimekuwa na kitufe cha msaada kisicho na uhai hata nusu ya huo.

Hatuna haja ya kwenda Japani kuona jambo hili. Kizazi chetu kilisoma visa vya Bwana Msa, na sidhani kama yupo anayeweza kumwaza Bwana Msa bila kiko chake. Tulijua anapokitia tumbaku kwamba akili yake imeanza kazi, na tukageuza ukurasa kwa hamu. Sikumbuki mwenzangu hata mmoja aliyekwenda kutafuta kiko kwa sababu hiyo, ingawa najua kwamba kumbukumbu yangu haiwezi kuwa kipimo cha mwanao.

Hata hivyo sitakuambia kwamba wasiwasi wako hauna msingi. Mwaka 1987 sigara ilikuwa kila mahali, ofisini, kwenye treni na kwenye filamu, na watunzi wale hawakuwa na sababu ya kujiuliza wanachowaonyesha vijana. Leo tunajua zaidi. Miaka 14 kwa maoni yangu ni mapema kidogo kwa visa hivi, na hapo nazungumzia mauaji, usaliti wa ndoa na watu wa magenge kuliko ninavyozungumzia moshi. Ikiwa utaamua aendelee, cheza naye. Mwambie asome kwa sauti, wewe uwe unamshuku mtu mmoja na yeye amshuku mwingine. Ikiwa utaamua asubiri hadi afike kidato cha nne, gemu itakuwa bado ipo, na ataielewa vizuri zaidi.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwalimu wa Kiswahili, Moshi mjini. Mmetumia katika toleo lililopita maneno "mpelelezi sugu" kutafsiri jina la fani hii ya visa vya upelelezi, yaani "hard-boiled" kwa Kiingereza. Nimeyapinga mbele ya wanafunzi wangu, kwa kuwa sugu kwetu ni mhalifu aliyeshindikana au ugonjwa usiosikia dawa. Pili, ningependa kujua kama gemu ya namna hii inaweza kuandikwa kwa Kiswahili bila kupoteza utamu wake.
Mwalimu, Moshi

JIBU: Mwalimu, umenibana mahali panapostahili, nami nimelifikiria swali lako la kwanza kwa wiki nzima.

Wamarekani walioanzisha fani hii katika majarida ya bei rahisi ya miaka ya 1920 walimlinganisha mpelelezi wao na yai lililochemshwa hadi kiini kikakauka, na Wajapani hawakutafsiri, waliliazima neno lenyewe wakalitamka kwa sauti zao. Kwetu yai la kuchemsha ni kitu cha kula kwa chumvi na pilipili pale stendi. Ukimwita mtu yai, msomaji atacheka au atakasirika. "Mpelelezi mgumu" nimelijaribu, lakini mtu mgumu kwetu ni bahili. "Mkavu" linavutia, kwa kuwa tunasema macho makavu, ila lina harufu ya kukosa haya, na Jinguji ana haya nyingi.

Nikarudi kwenye sugu, lakini kwa maana yake ya mwanzo, ambayo wakulima wa kahawa wa Kibosho na Marangu wanaijua bila kamusi: ngozi iliyokakamaa kiganjani kwa sababu ya mpini wa jembe. Sugu ya namna hiyo haina ubaya wowote. Ni alama ya kazi ndefu, na chini yake nyama ni laini kama ya mtu mwingine. Mpelelezi wa fani hii ndivyo alivyo. Ameona maiti nyingi na amedanganywa na wengi, mpaka moyo wake umefanya ngozi ngumu juu, wala hakuzaliwa hivyo. Katika gemu za Jinguji unaiona ngozi hiyo pale anaposimama mbele ya mama aliyefiwa na kuuliza swali ambalo mtu mwingine asingethubutu kuliuliza, na unaiona nyama iliyo chini yake pale anaporudi ofisini na hasemi kitu, na Yoko anajua kwamba hapaswi kumwuliza. Kwa hiyo nakubali kosa kwa nusu: tusiandike "mpelelezi sugu", kwa kuwa tamko hilo limekwisha kukaliwa na wahalifu. Napendekeza "mpelelezi mwenye sugu". Neno dogo "mwenye" linatenganisha mtu na ngozi yake. Wapelekee wanafunzi wako walipinge na hilo, na ukipata bora zaidi nitalichapisha.

Swali lako la pili lina jibu fupi, nalo ni ndiyo, na kwa sababu ambayo itakufurahisha. Katika Kijapani sehemu kubwa ya siri za visa hivi imo katika namna watu wanavyoitana. Inspekta Kumano humwita mpelelezi wetu Jinguji-kun, yaani kwa sauti ya mkubwa kwa mdogo anayempenda. Jinguji naye humwita Kuma-san, akilikata jina la mzee huyo kwa mapenzi na bado akalitia heshima. Yoko humwita sensei, neno ambalo huitiwa walimu, madaktari na mawakili, ingawa wamefahamiana kwa miaka mingi na ingawa kila mchezaji anahisi kwamba kuna zaidi ya kazi kati yao. Neno hilo moja linaweka ukuta kati yao na wakati huo huo linaonyesha kwamba ukuta huo unatunzwa kwa makusudi. Kiingereza hakina pa kuyaweka mambo hayo. Waliotafsiri walibaki na majina matupu, wakaishia kuwabadilisha hata majina, wakaufuta mji, na tafsiri ya kwanza ya DS, ile ya mwaka 2008, ikawa na visa 3 tu na ikalalamikiwa sana hadi kampuni ikaifanya upya na kuitoa tena mwaka uliofuata ikiwa kamili.

Kiswahili kingepata shida gani? Mzee Kumano angeitwa afande mbele ya askari wake, na Mzee Kuma wakiwa wawili kwenye kaunta. Yoko angeendelea kusema "mkuu" kwa miaka yote, na siku atakapoteleza akasema jina lake tupu, msomaji yeyote wa Moshi angejua kwamba jambo limetokea. Shahidi anayemwamkia mpelelezi "shikamoo" wakati ni wa rika lake angetufanya tumshuku hapo hapo: anajinyenyekeza kwa nini? Mshukiwa anayeacha kusema "sisi" akaanza kusema "mimi" angejifunga mwenyewe. Lugha yetu imejaa milango ya aina hii, na mtunzi wa gemu ya upelelezi ni mtu anayetafuta milango.

Gharama pia si kikwazo kikubwa kama inavyodhaniwa. Gemu hizi ni maandishi, picha zilizosimama na muziki, ambao kwa Jinguji ni jazi ya polepole yenye saksafoni. Vijana wawili, mmoja mwandishi na mwingine mchoraji, wenye kompyuta ya kawaida na programu za bure zilizotengenezwa kwa ajili ya visa vya namna hii, wanaweza kuanza. Kinachokosekana kwetu ni mtu wa kuandika mazungumzo mazuri kurasa mia tatu bila kuchoka, na watu hao, mwalimu, wako darasani kwako.

Ninaongeza jambo moja la mchoro, kwa kuwa wanafunzi watauliza. Picha za Jinguji zilizowakaa watu kichwani zilichorwa na Terada Katsuya, mchoraji mwenye mistari mizito na vivuli vingi, na nusu ya uso wa mpelelezi huwa gizani. Mchoraji wetu asiige giza lile la Shinjuku. Usiku wa Moshi una giza lake, la migomba na taa moja ya duka.

SWALI: Mhariri, mimi ni fundi wa vifaa vya umeme, Kaloleni, Arusha. Nina mashine ya zamani ya TV game inayotumia kaseti. Je, kisa cha Jinguji kinaweza kuchezwa humo? Pia wateja wawili wameniletea DS ambazo chaja zake zimeungua siku ya kwanza. Tatizo ni nini?
Fundi, Kaloleni

JIBU: Fundi, mashine nyingi za TV game tulizokua nazo ni nakala za Famicom, na kaseti yake ya meno 60 ndiyo ile ile ya Kijapani. Kwa hiyo kisa cha Yokohama cha mwaka 1988 na kile cha mwaka 1990, ambavyo vilitoka kwa kaseti, kwa kawaida vitawaka humo. Kisa cha kwanza hakitawaka, kwa kuwa ni cha diski na kinahitaji kifaa chake. Tatizo kubwa litakuwa kusoma: ni Kijapani kitupu, na bila lugha hutafika popote katika gemu isiyo na kitu kingine ila maneno.

Kwa anayesoma Kiingereza, mahali pa kuanzia ni kadi ile ile ya mwongoza wageni wa Soweto. Kadi za DS hazibagui nchi, na huingia pia kwenye 3DS yoyote, mashine ya Nintendo iliyokuja baada ya DS. Gemu za 3DS zenyewe, ikiwemo Ghost of the Dusk, gemu nyingine ya Jinguji iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 2018, hubagua: kadi ya Marekani huhitaji mashine ya Marekani, na duka la intaneti la 3DS lilifungwa kwa manunuzi mwezi Machi 2023. Mwenye Nintendo Switch anaweza kuonja jirani yake Jinguji, yaani Famicom Tantei Club, iliyotengenezwa upya na kutolewa kwa Kiingereza mwaka 2021. Mpelelezi wake ni kijana asiye na sugu bado, lakini namna ya kuuliza ni ile ile.

Kuhusu chaja, sababu karibu kwa hakika ni umeme. Chaja ya DS iliyouzwa Marekani imetengenezwa kwa volti 120, na ya Japani kwa volti 100, nasi ukutani tuna 230. Mgeni huiacha pamoja na mashine kwa nia njema, mwenyeji anatia kiunganishi cha plagi bila kushusha volti, na chaja inakufa palepale. Waambie wateja wako waache chaja hizo kabisa na watumie waya wa USB wa DS kwenye kichwa cha kawaida cha simu cha volti 5, ila uangalie tundu kabla ya kununua waya: DS ya kwanza ina tundu sawa na la Game Boy Advance SP, DS Lite ina lake peke yake, na DSi hutumia moja na 3DS. Ukifungua mashine iliyopitiwa na umeme huo, anza kukagua fyuzi ndogo zilizo kwenye bodi kabla ya kumwambia mtu kwamba mashine yake imekufa, kwa kuwa mara nyingi ndizo zilizokatika na bodi yenyewe iko salama.